Viumbe Waishio Juu ya Milima Mirefu

Mvuvi wa Goziba atokaye alfajiri kwenda kutega nyavu hajioni kuwa yuko mlimani. Mbele yake ni maji matupu, nyuma yake ni majabali ya kisiwa chake, na kokote atupapo jicho haoni kilele chochote. Walakini Ziwa Viktoria limeinuka mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya futi 3,700. Unguja nzima haina kilima kinachofikia hata robo ya kimo hicho. Basi sisi tukaao kando ya ziwa hili, kutoka Bukoba mpaka Muleba na visiwa vyake, tumekwisha panda kipandio cha kwanza cha ngazi ndefu, wala hatukutambua.

Ngazi hiyo yaendelea pande zote za ziwa. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Kagera, iko milima ya volkeno ya Virunga, ambayo mrefu wake kupita yote, Karisimbi, una mita 4,507. Kaskazini-magharibi yako Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, wenye mita 5,109. Mashariki uko Mlima Kenya, mita 5,199, na Kilimanjaro, mita 5,895, ambao hakuna mlima wa Afrika uupitao. Katika kurasa hizi twataka kueleza ni viumbe gani wakaao juu ya vipandio vya mwisho vya ngazi hiyo, ni taabu gani wanazozikabili, na kwa nini makazi yao leo yamo hatarini.

HEWA HABA

Jambo la kwanza limpatalo apandaye mlima mrefu ni uhaba wa hewa. Hewa ina uzito, na ile iliyo juu huigandamiza ile iliyo chini. Pwani hewa imeshindiliwa kama pamba ndani ya gunia. Kadiri mtu apandavyo, mzigo ulio juu yake hupungua, na hewa hutawanyika na kuwa nyepesi. Juu ya kilele cha Kilimanjaro mgandamizo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, na juu ya Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, ni theluthi moja. Fungu la oksijeni ndani ya hewa halibadiliki, ni kama asilimia 21 mahali pote. Bali pumzi moja ya kileleni huingiza mapafuni nusu ya kile ambacho pumzi moja ya pwani huingiza.

Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-An'am, yamtaja mtu ambaye kifua chake kimedhikika, na kumfananisha na apandaye mbinguni. Wapandao milima huujua mfano huo kwa miili yao. Mtu akivuka mita 2,500 kwa haraka huweza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Akizidi kupanda bila kupumzika, mapafu yake au ubongo wake huweza kujaa maji, naye hufa asiposhushwa upesi. Ndiyo sababu wapagazi wa Kilimanjaro huwahimiza wageni waende pole pole. Neno hilo si adabu tu, ni dawa.

JUA KALI MCHANA, BARAFU USIKU

Jambo la pili ni baridi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kama digrii 6. Goziba ikiwa na joto la digrii 25 mchana, hesabu yatuonyesha kwamba juu ya Kibo patakuwa na digrii tatu au nne chini ya sifuri, nayo ndiyo sifuri ambayo maji huganda. Lakini hesabu hiyo haitoshi kueleza ukali wa mahali pale. Hewa haba haiwezi kulihifadhi joto, kama vile shuka moja nyepesi isivyoweza kumhifadhi alalaye nje. Mchana jua huunguza ngozi. Likishuka tu, joto lote hupotea angani. Juu ya mita 4,000 maji huganda karibu kila usiku, katika miezi yote ya mwaka.

Hapo ndipo wanyama wa milima yetu wanapotofautiana na wenzao wa nchi za baridi. Mnyama wa Ulaya aujua msimu wa baridi. Huuona ukija, hunenepa, wengine hulala usingizi wa miezi mingi mpaka majani yachipuke tena. Mnyama wa milima ya Ikweta hana msimu wa kungoja. Baridi yake huja kila jioni na kuondoka kila asubuhi, naye hana budi kuushinda usiku mmoja baada ya mwingine maisha yake yote.

Tena pana ukavu. Wengi hudhani kwamba kilele chenye barafu hupata mvua nyingi. Mvua za Kilimanjaro hunyesha zaidi katika msitu wa katikati. Kileleni hushuka kidogo sana, pungufu ya milimita 200 kwa mwaka, ilhali Bukoba hupata kama milimita 2,000. Kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ya mlima ni jangwa, lenye mawe, vumbi na upepo.

PIMBI NA MAJIRANI ZAKE

Sasa natutazame wanaokaa humo. Katika mabonde ya Mlima Kenya, juu ya mita 4,000, huishi pimbi, mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia, ambaye kwa nasaba ni jamaa wa tembo. Pimbi hana uwezo mkubwa wa kuliweka joto la mwili wake katika hali moja. Yeye huishi kwa desturi njema kuliko kwa nguvu. Usiku jamaa nzima hujikusanya ndani ya nyufa za majabali, wakakumbatiana ili joto la mmoja liwe la wote. Asubuhi hawana haraka ya kwenda kula. Kwanza hutoka na kujilaza juu ya mawe, wakiota jua mpaka damu iwachangamke. Manyoya yao ni marefu na mazito kuliko ya pimbi wa nyikani.

Jirani wa pimbi ni panya wa milimani, ambaye hujificha chini ya mashungi ya majani magumu. Ndani ya shungi hilo baridi ya usiku hupunguka na jua la mchana haliingii kwa ukali, na chakula chake kiko mlangoni. Chini zaidi, ndani ya udongo, fuko huchimba njia zake. Na juu ya wote hukaa bundi mkubwa wa miambani, awindaye panya, fuko na watoto wa pimbi. Hivyo hata penye baridi kali kama hiyo kuna alaye na aliwaye, na kila mmoja amefungamana na mwenzake.

Chozi wa milimani naye hupendeza sana kumtazama. Dume lake hung'aa rangi ya kijani kama chuma kilichosuguliwa, na kando ya kifua ana vishungi vyekundu. Hula wadudu na kunywa maji matamu ya maua ya lobelia, na kwa kuruka kutoka ua hata ua huusaidia mmea huo kuzaa mbegu. Lobelia ya milima hii si kijimea cha bustani. Husimama kama nguzo, na katikati ya majani yake huhifadhi maji. Usiku majani hujifumba, tabaka la juu la maji hayo huganda, na lile la chini hubaki maji yasiyoganda, ambamo vijidudu vichanga huishi salama. Jirani yake, mmea mkubwa uitwao dendrosenesio, hauangushi majani yake yaliyokufa. Huyavaa shinani kama koti, ili maji yaliyo ndani ya shina yasigande.

Na Kilimanjaro ina kirukanjia wake, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hukaa kuanzia msituni mpaka kiasi cha mita 4,000. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Kwa hiyo kirukanjia hana budi kutafuta chakula mchana na usiku. Akikosa kula kwa muda mfupi tu, hufa.

WAGENI WA KILELENI

Wapo pia wanyama ambao hawakai juu kabisa, lakini hupanda. Pofu hula majani katika uwanda wa Shira, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na wameonekana hata katika tandiko lililo baina ya Kibo na Mawenzi. Kunguru mwenye shingo nyeupe huwafuata wapandaji kambini akingoja makombo.

Wengine walipanda kwa sababu isiyojulikana na mtu. Mwaka 1926 mzoga wa chui ulikutwa karibu na ukingo wa Kibo, umekauka na kuganda kwa baridi; mahali hapo pangali paitwa kwa jina la chui hata leo. Hapakuwa na windo la kumshibisha, wala maji yasiyoganda. Na mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger aliona mbwa mwitu watano juu ya barafu ya kilele. Pengine walifuata windo, pengine walipotea, pengine wanyama nao wana hamu ya kujua kilicho ng'ambo ya kilima. Lililo yakini ni kwamba miguu yao iliwafikisha mahali ambapo wasingeweza kudumu.

WAISHIO JUU ZAIDI

Tukitoka katika milima yetu na kwenda Asia, twamkuta yaki, ng'ombe wa Tibet mwenye manyoya yagusayo ardhi. Moyo wake na mapafu yake ni makubwa kuliko ya ng'ombe wetu, naye hulisha hata juu ya mita 5,000. Akishushwa nchi za joto hudhoofika. Juu ya milima hiyo hiyo ya Himalaya huvuka bata bukini mwenye michirizi kichwani, ambaye wataalamu waliomfunga vyombo vya kupimia wamemwona akiruka juu ya mita 7,000. Damu yake hushika oksijeni kwa nguvu kuliko damu ya bata wa kawaida, na huvuta pumzi ndefu zaidi. Wapo hata buibui warukao katika mawe ya Himalaya, kiasi cha mita 6,700, ambako hakuoti jani. Wao hula wadudu wanaopeperushwa na upepo kutoka chini. Na mwaka 2020, juu ya kilele cha volkeno ya Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, alikamatwa panya mzima mwenye afya katika kimo cha mita 6,739. Hakuna mnyama mwingine anyonyeshaye aliyepata kukutwa akiishi juu kuliko yeye.

Lakini aliyeruka juu kuliko ndege wote ni wa kwetu Afrika. Tarehe 29 Novemba 1973, karibu na Abidjan katika Afrika ya Magharibi, ndege ya abiria iliyokuwa ikipaa futi 37,000 iligongana na tai mzoga wa namna iitwayo Rüppell. Manyoya yake ndiyo yaliyomtambulisha. Kimo hicho ni karibu mara mbili ya Kilimanjaro. Tai wa namna hii tunao Serengeti na Ngorongoro. Hula mizoga tu, na hivyo husafisha nchi. Lakini sasa amehesabiwa miongoni mwa ndege walio karibu kabisa kutoweka, na sababu mojawapo kubwa ni sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe na simba hutia sumu katika mzoga ili amuue simba, na tai hushuka kwa makumi wakala wakafa. Ndege aliyeumbiwa damu ya kustahimili pasipo na hewa hana kinga dhidi ya kijiko kimoja cha sumu.

MLIMA NI KISIWA

Hapa mtu wa Goziba ataelewa upesi kuliko mwingine. Kisiwa ni ardhi iliyozungukwa na maji, na kilichomo hakiwezi kutoka ila kwa chombo. Kilele cha mlima mrefu nacho ni kisiwa: ni nchi ya baridi iliyozungukwa na bahari ya joto. Kirukanjia wa Kilimanjaro hawezi kwenda Mlima Kenya, kwa maana ingempasa kuvuka nyika zenye joto ambazo zingemuua, kama vile kuku asivyoweza kuogelea kutoka Goziba mpaka Bukoba. Ndiyo maana Kilimanjaro ina dendrosenesio yake, Meru ina yake, na Ruwenzori ina yake. Kila mlima umelea watoto wake peke yao kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hata kukipita kidogo kimo cha mwaka 1964, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Watu wengi wa mwambao walihamisha vyombo vyao na kujenga juu zaidi. Mlimani kinachopanda ni joto. Kwa kuwa joto hupungua digrii 6 kwa kila mita 1,000, basi dunia ikizidi joto kwa digrii moja, mnyama apendaye baridi ile ile aliyoizoea hana budi kupanda kiasi cha mita 170. Ikizidi digrii mbili, mita 340. Na mlima una umbo la pia iliyopinduliwa: kadiri upandavyo, nchi huwa nyembamba. Kila kipandio kina nafasi ndogo kuliko kile cha chini yake, na cha mwisho ni mawe na vumbi. Mwambao wa ziwa ukifurika, binadamu ana mtumbwi. Kirukanjia hana.

Dalili zaonekana kwa macho. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo mwaka 1912 ilienea kama kilomita za mraba 12, ilikuwa imebaki pungufu ya 2 kufikia mwaka 2011, kwa sababu ya joto na ukavu wa hewa. Barafu za Ruwenzori nazo, ambazo msafara wa Mtaliano Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, uliziona na kuzichora mwaka 1906, zimebaki vipande vichache. Kuliko barafu, moto ndio unaowadhuru viumbe zaidi. Ukavu huyafanya majani ya juu kuwa kuni, na cheche moja ya mrina asali au ya jiko la kambini yatosha. Moto wa Oktoba 2020 uliwaka Kilimanjaro kwa siku nyingi. Mioto ya namna hii imeusukuma chini mpaka wa juu wa msitu; kwa hiyo wanyama husukumwa juu na joto, na huku makazi yao ya juu yanateketezwa.

HABARI NJEMA YA VIRUNGA

Isije msomaji akadhani kwamba hakuna la kufanyika. Natutazame Virunga, milima iliyo jirani na mkoa wetu wa Kagera. Humo hukaa gorila wa milimani, mwenye manyoya marefu meusi yamkingayo na mvua na ukungu, ambaye hupanda hata karibu na mita 4,000 kutafuta chakula. Hakuzoea kuishi juu hivyo kwa kupenda tu. Mashamba ya watu yalimfunga huko. Mwaka 1981 walihesabiwa Virunga gorila 254 tu, na wengi walidhani kwamba kizazi kile hakitawaona tena wajukuu wake.

Lakini serikali za Rwanda, Uganda na Kongo, pamoja na walinzi ambao wengi wao walipoteza maisha kazini, zilikaza mkono. Mitego iliondolewa, waganga wa wanyama waliwatibu majeruhi, na sehemu ya fedha za wageni ikarudishwa vijijini kujenga shule na zahanati. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba gorila wa milimani, wa Virunga na wa Bwindi pamoja, wamepita 1,000. Hata sasa mgeni mwenye mafua hakubaliwi kuwakaribia, kwa sababu kikohozi cha binadamu huweza kuua jamaa nzima ya gorila. Hao ni miongoni mwa nyani wakubwa wachache mno ambao hesabu yao yaongezeka badala ya kupungua.

WAJIBU WETU

Mtu wa kisiwani aweza kuuliza: mimi na Kilimanjaro wapi na wapi? Mito mingi ishukayo kutoka milima mirefu hunywesha mamilioni ya watu, na misitu yake ndiyo inasayo ukungu na kuugeuza kuwa maji. Mambo ayaonayo mvuvi ziwani, samaki kupungua kwa nyavu za macho madogo na ufuko kukosa miti, ni ya namna moja na yale ya mlimani: mahali padogo, penye mpaka, ambapo kila ovu lifanyikalo hurudi upesi kwa wenyeji.

Basi vijana wetu na wajifunze majina ya wanyama hawa kama wajuavyo majina ya samaki. Mwenye mifugo asitie sumu katika mzoga. Apitaye msituni ahakikishe kwamba moto wake umezimika kabla hajaondoka. Apandaye mlima achukue takataka zake na kushuka nazo. Na wazazi wasiwafundishe watoto kwamba kiumbe kisichouzwa wala kuliwa hakina maana. Kirukanjia wa Kilimanjaro hauzwi sokoni, wala hajapata kumshibisha mtu. Lakini Mwenyezi Mungu amempa riziki juu ya mawe yale kabla ya mwanadamu yeyote kukiona kilele kile, naye hana mlima mwingine wa kuhamia.